Milimau Iliyoachwa Nje

Baba yangu, Baldassarre Nencioni, tulimzika Jumanne iliyopita, tawi likiwa juu ya jeneza lake. Watu walidhani ni tawi la mlimau. Nililiomba mwenyewe katika bustani ambayo yeye alikatazwa kuikanyaga kwa miaka ishirini na sita. Naandika haya kwa ajili ya wanangu na wana wa ndugu zangu, ili wakimsikia mtu wa Montecoli akimwita babu yao Msinzia, wajue jina hilo lilitoka wapi.

Baba aliingia kazini katika bustani ya jumba la Montecoli akiwa na miaka kumi na tisa, akatolewa akiwa na hamsini. Bustani ilikuwa na ngazi tatu zinazoshuka kilimani, misonobari pande mbili, chemchemi ya jiwe katikati, na benchi moja chini ya mzabibu. Lakini fahari yake ilikuwa milimau. Ilikuwa thelathini na sita, kila mmoja ndani ya chungu cha udongo chenye uzito wa ndama. Kwetu vilimani mlimau haustahimili baridi. Mwezi wa tano inatolewa nje, na kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Luka, tarehe kumi na nane ya mwezi wa kumi, lazima yote iwe imerudishwa katika nyumba yake, jengo refu lenye madirisha yanayotazama jua. Watu wanne hubeba chungu kimoja kwa miti miwili na kamba za katani. Baba alikuwa amechonga alama ndogo ukingoni mwa kila chungu, upande wa jua. Mti ukitolewa tena, alama irudi palepale.

"Mti una uso," alituambia. "Ukiugeuza, unakununia mwaka mzima."

Mmoja aliupandikiza mwezi niliozaliwa, akauita wa Zelinda, na alama ya chungu chake akaichonga tofauti. Milimau yote aliipandikiza juu ya shina la mdanzi, ule mchungwa wa matunda machungu, kwa sababu mdanzi ni mgumu na hauogopi udongo mzito. Juu limau, chini danzi. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma.

Mwaka niliotimiza miaka kumi na miwili, mwezi wa tisa, alikuja mchoraji Mjerumani, Bwana Ostertag, mgeni wa mwenye jumba. Mwenye jumba alikuwa mjane, na sote tulimwita Bibi Mkubwa. Mjerumani alikuwa mrefu, mwekundu wa shingo, mpole. Alikula mkate wetu usio na chumvi bila kulalamika, na aliwaamkia watu wa kazi kabla hawajamwamkia. Baba alimpenda. Sitaficha hilo. Alimpenda kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza aliyetazama bustani ile kwa muda mrefu kama alivyoitazama yeye.

Alisimamisha turubai yake karibu na chemchemi, akachora kila siku kuanzia asubuhi hadi saa sita. Bibi Mkubwa aliketi pembeni na mwavuli wake. Siku moja Mjerumani alimwita Baba.

"Mzee Baldo, njoo ukae kwenye benchi."

"Nikae nifanye nini, bwana?"

"Usifanye kitu."

"Hiyo kazi siijui."

Bibi Mkubwa akacheka. Mjerumani akacheka pia, akamweka Baba kwenye benchi, akamvuta kofia hadi machoni, akamwambia alegeze miguu. "Nataka amani," alisema. "Nataka mtu akiiona picha hii aone mahali ambapo hakuna taabu." Baba alikaa hivyo asubuhi mbili, mikono imeshika magoti. Jioni alimwambia Mama kwamba katika miaka thelathini na moja ile ndiyo mara yake ya kwanza kulikalia benchi lile, na kwamba jiwe lake ni baridi.

"Wamekufanya sanamu," Mama alisema. Jina lake lilikuwa Argia, na ulimi wake haukuwa na breki. "Na magugu ya leo nani kapalilia?"

"Nitapalilia kesho."

"Kesho utakaa tena. Mzuri wewe, kwa nini usikae?"

Mkesha wa Mtakatifu Luka walikuja wabebaji na miti yao, wakiongozwa na Gosto, jirani yetu. Nilikuwepo, maana siku hiyo watoto hupewa kazi ya kufagia majani yaliyobaki chini ya vyungu. Walipokuwa wanafunga kamba kwenye chungu cha kwanza, Mjerumani alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Hapana, hapana! Bila milimau hakuna bustani. Siku kumi tu. Nimefika katikati."

Msimamizi wa shamba, Bwana Settimio Cecchi, alimtazama Bibi Mkubwa. Bibi Mkubwa akasema, "Iacheni."

Baba alivua kofia. "Bibi Mkubwa, kesho ni Mtakatifu Luka."

"Mtakatifu Luka ni mlinzi wa wachoraji, Baldo. Atatuelewa."

Wote wakacheka, hata Gosto. Baba akasimama na kofia mkononi akingoja kicheko kiishe, kisha akafungua kamba mwenyewe.

Tangu siku hiyo kila jioni aliifunika milimau kwa mikeka ya matete, na kila alfajiri aliifunua kabla Mjerumani hajashuka. Vyungu thelathini na sita, mtu mmoja. Siku ya tano Mjerumani alilalamika kwamba mikeka inavunja vijiti na kuangusha malimau ambayo tayari ameyachora mahali pake. Hakusema kwa ubaya. Lakini Bwana Settimio alimwambia Baba aache mikeka, na Baba akaacha. Hali ya hewa ilikuwa bado ya uvuguvugu, na tulisali rozari kila siku kuomba ibaki hivyo.

Picha ilikwisha tarehe ishirini na nane, mchana. Siku hiyo upepo ulikatika ghafla. Mbingu ilikuwa safi kama iliyooshwa, na moshi wa jiko letu ulipanda wima kama uzi. Baba alisimama mlangoni akautazama ule moshi, akaenda kumtafuta msimamizi. Nilimfuata.

Bwana Settimio alikuwa kwenye ghala la zeituni na Gosto, wanapanga magunia.

"Picha imekwisha, Bwana Settimio. Nipe watu sasa hivi. Tukianza saa nane, kabla ya giza tunaingiza hata ishirini."

"Kesho wanakuja wageni kutoka mjini. Bibi Mkubwa anataka picha isimamishwe bustanini, watu watazame picha, watazame bustani, walinganishe. Utaingiza wakiondoka."

"Usiku huu kutaanguka jalidi. Umande utaganda majanini."

"Umekuwa nabii?"

"Basi niruhusu mikeka."

"Wageni wanafika mapema. Wakute bustani imevikwa matete kama soko la mbuzi? Baldo, bwana, siku kumi umengoja. Utashindwa kungoja moja?"

Baba alimgeukia Gosto. Gosto alikuwa anafunga gunia, akaendelea kulifunga.

Nyumbani Mama hakumpa chakula kwanza. Alisimama mbele yake na kijiko cha maharage.

"Nenda ukafunike."

"Nimekatazwa."

"Nani atakuona gizani?"

"Asubuhi watayaona malimau yaliyoanguka."

"Baba Zelinda, yakianguka malimau kumi utafokewa. Ikifa miti thelathini na sita utafukuzwa. Hesabu hiyo hata kuku anaijua."

"Ikifa, watajua nani alisema iachwe."

Nimeliwaza neno hilo miaka ishirini na sita. Hakulisema kwa kiburi. Baba aliamini kwamba ukitii amri ya mkubwa wako, dhambi ya amri ile ni yake na si yako. Ndivyo tulivyofundishwa sote, kanisani na shambani. Alikula maharage yake, akapiga magoti, akasali, akaenda kulala. Ndiyo, usiku ule alilala. Mungu ni shahidi kwamba hilo tu ndilo la kweli katika yote waliyosema.

Alfajiri bustani ilikuwa nyeupe. Majani ya milimau yalikuwa magumu na ya kung'aa kama kioo, na kwa kitambo kidogo ilikuwa nzuri kuliko picha yoyote. Baba alikimbia na ndoo kuinyunyizia maji ya kisimani kabla jua halijaifikia, kwa sababu jua ndilo linaloua mti ulioganda. Mama alibeba ndoo, mimi nikabeba ndoo. Tulifikia mti wa tisa. Jua likatoka nyuma ya misonobari, na majani yakaanza kulegea, kisha kuwa meusi, kama mboga iliyotiwa maji ya moto. Harufu ya limau ilijaa kilima kizima. Naisikia mpaka leo nikikata limau, kwa hiyo silikati.

Wageni walifika saa nne. Picha ilikuwa juu ya miguu yake ya mbao karibu na chemchemi, na nyuma yake miti ile ile ilikuwa inaning'inia. Bibi Mkubwa aliweka mkono mdomoni. Kabla hajasema kitu, Bwana Settimio akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Nilimwagiza aiingize tangu Mtakatifu Luka, Bibi Mkubwa. Kila siku nikimwambia, ananijibu kesho, kesho. Amelala."

Bwana mmoja wa mjini aliinama mbele ya picha, akamwona mtu wa kwenye benchi, kofia machoni, miguu imelegea.

"Kweli amelala," alisema. "Mpaka kwenye picha!"

Wakacheka. Si kwa chuki, la. Walikuwa wameaibika kwa ajili ya mwenyeji wao na walitafuta kitu cha kucheka, wakampata Baba. Alikuwa amesimama mita kumi tu na ndoo mkononi, suruali imelowa hadi magotini. Alimtazama Bibi Mkubwa akingoja. Bibi Mkubwa alikuwa anavuta kidole kimoja kimoja cha glavu yake. Baba akamtazama Mjerumani, na Mjerumani alikuwa anafuta brashi iliyokwisha kuwa safi.

Baadaye Mjerumani alimfuata nyuma ya nyumba ya milimau, macho mekundu. "Mzee Baldo, nitamwandikia Bibi barua. Nikifika Roma nitaandika yote."

"Yupo hapo ndani, bwana," Baba alisema. "Huna haja ya kumwandikia."

Mjerumani hakuingia ndani. Aliondoka siku iliyofuata sikukuu ya Watakatifu Wote. Kama barua ilikuja, sisi hatukuisikia.

Kwetu nyumba ambazo jumba huwapa watu wake wa kazi hufunguliwa na kufungwa siku ya Mtakatifu Martino, tarehe kumi na moja ya mwezi wa kumi na moja. Siku hiyo barabara zote zina mikokoteni ya watu wanaohama, na kila mtu anatazama nani kafukuzwa. Tulishuka kilima na mkokoteni wa kukopa, godoro juu, Mama nyuma ameshika sufuria ili zisigongane, maana hakutaka watu wasikie. Watoto wa Gosto walikimbia pembeni wakiimba, "Msinzia! Msinzia! Amka uhame!" Gosto alikuwa mlangoni pake. Alituamkia.

Tulihamia mji wa matanuri, mwendo wa saa moja na nusu, mahali wanapofinyanga vyungu vya milimau. Kazi aliyoipata Baba ilikuwa kubeba vyungu vitupu kutoka tanurini hadi kwenye magari. Kwa miaka ishirini alibeba vyungu ambavyo wengine wangepandia. Jina lilimfuata, kwa kuwa wauzaji wa Montecoli walifika sokoni kwetu. Akipumzika dakika moja kwenye ngazi, kuna mtu atasema, "Haya, Msinzia, ndoto njema." Alianza kutoketi mbele za watu. Hata kanisani alisimama nyuma, karibu na maji ya baraka, misa nzima, mpaka uzeeni miguu ikimtetemeka. Padre alidhani ni unyenyekevu.

Mama alikufa mwaka wa tisa, akazikwa Montecoli kwa wazazi wake. Katika siku zake za mwisho hakumwita tena Baba Zelinda. Alimwita "wewe." Aliponiita kando aliniambia, "Kama angefunika mti mmoja tu. Ule wako." Sikumwambia Baba. Nadhani alijua.

Masista walinisomesha, na mimi sasa nafundisha watoto wadogo shuleni kwao. Baba alikuwa na miaka sabini na sita alipoanguka jikoni kwangu. Siku tatu alikaa kitandani, na siku ya tatu aliniomba radhi kwa kulala mchana.

Alitaka azikwe na Mama. Kwetu mtu wa bustani huzikwa na tawi la mti alioulea, kwa hiyo Jumanne asubuhi, kabla ya mazishi, nilipanda hadi jumbani. Bibi Mkubwa alishafariki. Mwanawe, Bwana Lapo, alinipokea mwenyewe, mtu mwenye adabu.

"Pole sana, Bibi Zelinda. Tawi? Chukua hata kumi. Umebaki mlimau mmoja wa zamani, karibu na mlango. Mama aliutunza sana."

Aliita mtumishi alete mkasi, na tukangoja sebuleni. Kuta zilikuwa na madoa meupe pale picha zilipotolewa. Chini, zikiwa zimeegemezwa zikitazama ukuta, kulikuwa na picha kadhaa zinazongoja kufungwa. Alisema ameziuza, gari litakuja saa nane.

Nyuma ya iliyokuwa karibu nami paliandikwa kwa wino, kwa lugha yetu yenye makosa ya mgeni. Nimefundisha watoto kusoma miaka kumi na minne; macho yangu husoma kabla sijayaruhusu. Paliandikwa: *Bustani ya Montecoli. Nimeanza tarehe 20 Septemba, nimemaliza tarehe 28 Oktoba. Shukrani kwa Bibi Mkubwa, ambaye kwa ajili yangu aliamuru milimau iachwe nje baada ya siku yake, ingawa mtunza bustani wake mwema alitusihi.*

Nilisoma mara tatu. Kisha nikaigeuza.

Ni picha nzuri. Lazima niseme kweli. Jua liko juu ya ngazi, maji yanasimama katika chemchemi, malimau yanang'aa kama taa, na majani ya mzabibu yamekuwa mekundu. Mtu yeyote wa kwetu angejua kwamba mzabibu mwekundu na milimau ya nje haviwi pamoja, lakini picha haikuchorwa kwa ajili ya mtu wa kwetu. Na kwenye benchi yupo Baba. Kofia imefunika macho. Mikono imeshika magoti kwa nguvu, kama anayengoja kuruhusiwa ainuke.

"Amani kubwa, sivyo?" Bwana Lapo alisema. "Mama alikuwa akisema ndiyo mahali pekee bustani ile imebaki hai."

"Bwana Lapo, niazime picha hii kwa muda wa saa mbili tu. Misa ni saa nne. Padre Callisto aisome nyuma mbele ya watu, nitairudisha kabla ya gari kufika. Nitaibeba mwenyewe."

Alisoma. Alisoma tena polepole, muda wa kutosha kwa mtu mwema kufanya jambo jema.

"Mama yangu amekufa, Bibi Zelinda. Baba yako pia amekufa, Mungu amrehemu. Nani atafaidika sasa?"

"Baba yangu anaitwa Msinzia mpaka leo."

"Na mama yangu ataitwaje kesho?"

Aliiegemeza tena, uso wa picha ukutani, kwa uangalifu mkubwa. Mtumishi akaleta mkasi.

Mti wenyewe ulikuwa karibu na mlango, kama alivyosema. Chungu kilikuwa na alama ya Baba ukingoni, ile ya mti wangu, imegeuzwa upande wa kivuli. Nilipoinua tawi niliona jani: lilikuwa na kijibawa chini yake, kama jani dogo lingine. Mlimau hauna jani hilo. Sehemu ya juu, ile aliyoipandikiza mwezi niliozaliwa, ilikufa asubuhi ile na miti mingine, na shina la chini likachipua lenyewe. Kwa miaka ishirini na sita walikuwa wakitunza mdanzi wakiuita mlimau, na hapakuwa na mtu wa kuwaambia. Sikuwaambia. Nilikata tawi.

Kanisani walikuja watu wengi kuliko nilivyotarajia. Tulipofika kaburini, mzee mmoja nyuma yangu alimnong'oneza mwenzake, "Haya, Msinzia leo kalala kwa ruhusa," na mwenzake akaminya kicheko puani.

Niligeuka. Niliwaambia wote, kwa sauti ninayoitumia darasani, maneno yaliyoandikwa nyuma ya picha, neno kwa neno. Padre Callisto alishusha kitabu chake. Hapakuwa na mtu aliyebisha. Walitazama viatu vyao tu, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa.

Gosto alikuwa mbele, anaegemea mikongojo miwili. Yeye ndiye aliyeongea.

"Tulijua, mwanangu."

"Mlijua nini?"

"Nilikuwepo ghalani. Wewe uliniona. Niliwaambia watu siku ileile. Kila mtu alijua."

"Na watoto wako wakatuimbia barabarani."

"Nyumba yangu nayo ilikuwa ya jumba," alisema. "Nilikuwa na watoto sita." Kisha akalitazama tawi juu ya jeneza, akakaza macho, maana na yeye alibeba vyungu vile tangu ujana. "Hilo si limau, Zelinda."

"Ndilo lililobaki," nilimjibu.

Padre akaanza Baba Yetu, na watu wote wakaitikia haraka, kama walioponywa. Nilisema nao mpaka tulipofika *utusamehe makosa yetu*. Hapo nilinyamaza. Wao wakaendelea, sauti zao zote pamoja, Gosto naye, wakasema ile sehemu inayofuata, ya kuwasamehe waliotukosea, kama jambo jepesi. Nimeisali sala hiyo kila siku tangu Jumanne, na kila siku naishia palepale. Namwomba Mungu aningoje.